Namna ya Kubuni Nembo Inayodumu, Kuanzia kwenye Muhuri

Kwa biashara nyingi za Afrika Mashariki, nembo hufanya kazi yake ya kila siku mahali pagumu: kwenye muhuri wa mpira unaogongwa juu ya risiti, kwenye lebo iliyochapishwa kwa rangi moja, kwenye ukuta wa duka ambako fundi wa maandishi ameinakili kwa brashi, na ndani ya kiduara kidogo cha picha ya WhatsApp ambacho mteja hukiona kabla hajasoma jina la muuzaji. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashika msimamo mmoja tangu mwanzo: ibuni nembo kwa ajili ya mahali pagumu kuliko pote itakapotumika, kisha uipeleke kwenye mahali rahisi. Wengi hufuata njia ya kinyume. Huanza na bango lenye vivuli, mng'ao na rangi zinazoyeyukiana, na wanapofika kwa mchonga mihuri hulazimika kutengeneza nembo ya pili isiyofanana na ya kwanza, na tangu siku hiyo biashara inakuwa na sura mbili.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, wanaotaka nembo ya asali yao. Kazi inaanza kwa maswali, na maswali hayo yanastahili muda mrefu kuliko wateja wengi wanavyotarajia. Waulize wanamuuzia nani: mlaji wa Tabora mjini anayenunua kwa lita, au msambazaji wa Dar es Salaam anayepanga chupa kwenye rafu za supamaketi? Waulize kitu gani kitabeba nembo kwanza, yaani ndoo za plastiki, chupa, makatoni au fulana. Waulize wanategemea kuuza nini zaidi ya asali miaka kumi ijayo. Uliza pia ni nani mwenye kauli ya mwisho, kwa maana nembo inayopitishwa na kamati, kila mjumbe akiongeza kitu chake, huishia kuwa na mlima, jua linalochomoza, mikono inayoshikana na ramani ya Afrika, vyote katika duara moja. Majibu yaandikwe katika ukurasa mmoja, mteja ausome na kuukubali kabla penseli haijagusa karatasi. Ukurasa huo ndio utakaoamua ubishi baadaye, mtu atakaposema hapendi mchoro bila kuweza kueleza sababu.

Hatua inayofuata ni kutazama nembo za majirani. Nenda dukani na sokoni, piga picha za lebo zote za asali utakazozikuta, kisha uzipange pamoja. Utaona nyuki, seli za sega zenye pembe sita na rangi ya dhahabu, zimerudiwa kila mahali. Hakuna ubaya katika vitu hivyo vyenyewe, ila mnunuzi anayevikuta kwenye kila chupa hawezi kuvitumia kutofautisha chupa moja na nyingine. Ndipo unapaswa kurudi kwa wateja na kuwauliza nini kipo kwao kisichokuwepo kwa wengine. Tabora ina misitu ya miombo, na kwa muda mrefu wafugaji wa huko wametumia mizinga ya magogo na ya magome inayoning'inizwa juu ya miti. Mzinga wa gogo ukitazamwa kutoka mbele ni duara nene lenye tundu dogo, na juu yake kuna kamba inayoushikilia kwenye tawi. Umbo hilo ni rahisi, ni la kweli, na kwenye rafu ya asali halitachanganywa na nyuki anayetabasamu.

Chora kwa penseli kwanza, na uchore vidogo, kila kimoja kisizidi ukubwa wa sarafu, kwa sababu nafasi ndogo humnyima mchoraji uwezo wa kuweka mapambo. Mchoro wa kwanza wa mzinga wetu bila shaka utakuwa na nyufa za mti, nyuzi za kamba, majani na nyuki watatu wanaorudi nyumbani. Ondoa nyufa, umbo bado ni mzinga. Ondoa nyuzi za kamba, ibaki mstari mmoja mnene. Bado ni mzinga. Ondoa nyuki na majani, bado. Ukiondoa tundu, umbo linageuka kuwa sahani au sarafu, basi tundu lazima libaki, na linapaswa kuwa kubwa kiasi kwamba wino wa muhuri hautaliziba. Mchoro wenye upana wa sentimita moja na nusu ukiwa na tundu la chini ya milimita moja, baada ya kugongwa mara kadhaa utaonyesha doa jeusi tu. Hapa pia jicho lina haki ya kuishinda rula: tundu lililowekwa katikati kabisa kwa vipimo huonekana limeteleza kidogo kwenda chini, na duara lenye kimo sawa na mraba uliosimama kando yake huonekana dogo kuliko mraba huo. Pandisha tundu kidogo, kuza duara kidogo, na uamini unachokiona.

Mpaka hapo usitumie rangi yoyote zaidi ya nyeusi. Mfano mashuhuri ni panda wa WWF, shirika la uhifadhi lililoanzishwa mwaka 1961. Sir Peter Scott, mmoja wa waanzilishi wake, ndiye aliyemchora, na panda alifaa kwa sababu zaidi ya moja: anapendeza, alikuwa hatarini, na mwili wake ni mweusi na mweupe, jambo lililopunguza gharama za uchapaji. Ufinyu wa fedha ulizaa nembo iliyosimama imara kwa zaidi ya miaka 60, ingawa imechorwa upya mara kadhaa na kila mara ikabakiwa na mistari michache zaidi.

Wateja watauliza kwa nini nembo haionyeshi kila wanachofanya. Swali hilo lijibiwe kwa heshima na kwa mifano. Gamba la Shell, lililoanza kutumika mwaka 1904 baada ya gamba la aina nyingine, halionyeshi mafuta wala kituo. Jina na umbo vilitokana na biashara ya familia ya Samuel ya London iliyowahi kuuza makombe ya baharini. Alama ya Nike, iliyochorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson alipokuwa mwanafunzi huko Portland, haina kiatu ndani yake. Karibu zaidi na sisi, wanunuzi wa kanga katika pwani yote wamezoea kutafuta maandishi ya K.H.E. Mali ya Abdulla kwenye ukingo wa nguo, alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ambayo ni maneno tu bila picha yoyote. Nembo ni jina linaloonekana kwa macho. Sifa za biashara hujazwa ndani yake na huduma ya miaka, na hakuna mchoraji anayeweza kuzijaza siku ya kwanza.

Jina likiandikwa kando ya alama, herufi zake zinahitaji uangalifu ule ule. Majina ya Kiswahili yana tabia yake: silabi kama WA, VA, TA na YA hukaa kila mahali, na katika herufi kubwa jozi hizo huacha mianya kwa sababu ya mistari inayolala. Andika neno WAVUVI kwa herufi kubwa za kompyuta, ulikuze, na utaona W, A na V zimeachiana nafasi huku U na V zikikaa kwa namna nyingine kabisa. Nafasi hizo zirekebishwe kwa mkono, herufi kwa herufi, hadi neno lionekane kama kitu kimoja. Uangalifu huo huo ndio uliompa mbunifu Lindon Leader mshale ulio kati ya E na x katika nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, ya mwaka 1994, mshale uliotengenezwa na nafasi tupu peke yake. Majina yetu pia ni marefu. Chama cha Ushirika wa Akiba na Mikopo chenye jina la wilaya nyuma yake hakiwezi kuingia kwenye kiduara cha simu, hivyo andaa namna mbili tangu mwanzo: alama ikiwa na jina kamili, na alama peke yake au na kifupisho. Kuhusu aina ya mwandiko, chagua wenye leseni iliyo wazi. Mingi iliyopo Google Fonts inaruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo, na hakuna sababu ya kutumia mwandiko ulionakiliwa kinyume cha sheria.

Rangi sasa inaweza kuingia, moja au mbili. Kila rangi ya ziada kwenye fulana inayochapwa kwa skrini, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, inadai skrini yake na malipo yake, na hilo peke yake linatosha kumfanya mbunifu awe mchumi. Rangi pia zina wenyewe. Nchini Tanzania kijani na njano zikikaa pamoja husomwa haraka kuwa ni rangi za CCM, na ukiongeza jembe, wakulima wako watapata tabu kuwashawishi watu kwamba kikundi chao si cha chama. Kwa zahanati na maduka ya dawa lipo onyo zito zaidi: msalaba mwekundu juu ya weupe si alama ya tiba kwa jumla, bali ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na matumizi yake kwenye bango la biashara hayaruhusiwi. Jambo hili hupuuzwa mno, na linaumiza, kwa kuwa thamani ya msalaba ule wakati wa vita inategemea usiwe umezoeleka kwa kazi nyingine.

Chagua rangi kwa kuangalia karatasi iliyochapishwa. Skrini ya kompyuta au simu hutoa rangi kwa mwanga na mashine ya uchapaji hutoa kwa wino, hivyo kijani kinachong'aa na buluu kali hufifia zinapochapwa. Omba sampuli, uitazame nje kwenye jua, kisha uandike vipimo vya rangi hiyo kwa uchapaji na kwa skrini, ili mchapaji wa mwakani asikisie.

Kabla ya kukabidhi, nembo ipitie majaribio halisi. Chonga muhuri mmoja na uugonge kwenye karatasi ya risiti. Iweke kwenye kiduara cha WhatsApp na uitazame kwenye simu ya bei nafuu, mkono ukiwa umenyooshwa. Mpelekee fundi wa maandishi chapisho dogo na umwombe ainakili nembo kwa brashi bila maelezo, kwa kuwa kosa atakalolifanya litakuonyesha ni mstari gani haueleweki. Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la kumbukumbu: mwonyeshe mtu asiyehusika nembo kwa sekunde chache, na kesho yake umwombe aichore. Akichora duara lenye tundu likining'inia, hata kama mkono wake ni mzito, kazi imekamilika. Akikumbuka rangi tu, rudi kwenye penseli.

Mafaili yana hadithi yao fupi lakini ya lazima. Nembo ichorwe kwa programu ya vekta, yaani inayohifadhi mchoro kama mistari na maumbo badala ya nukta za rangi, iwe Illustrator, CorelDRAW inayopatikana katika vibanda vingi vya uchapaji, au Inkscape ambayo ni ya bure, kwa sababu mchoro wa vekta hukuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani bila kupasuka, na picha ya JPG haikuzwi hivyo. Herufi zigeuzwe kuwa michoro kabla ya kutumwa, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na mwandiko ule itaweka mwingine. Mkabidhi mteja PDF na SVG za rangi, za nyeusi na za nyeupe, pamoja na PNG yenye mandharinyuma wazi, na ukurasa mmoja unaoeleza nafasi ya kuachwa pembeni na ukubwa wa chini unaoruhusiwa.

Baada ya hapo, mshauri mteja awe na subira. Mwenye biashara huichoka nembo yake mapema sana, kwa sababu yeye huiona kila siku, wakati wateja wake ndio kwanza wanaanza kuizoea. Kampuni ya nguo ya Gap ilibadilisha nembo yake Oktoba 2010 na kuirejesha ya zamani ndani ya wiki moja baada ya wateja kulalamika. Shell imerekebisha gamba lake mara nyingi, ikiwa ni pamoja na toleo la mwaka 1971 la mbunifu Raymond Loewy, lakini kila toleo limebaki gamba. Kurekebisha kwa hatua ndogo ni matunzo. Kubadilisha umbo zima ni kuanza upya.

Mwisho wa kazi ni haki. Mkataba uandike wazi kwamba haki za mchoro zinahamia kwa mteja malipo yakikamilika, na malipo yenyewe yawe ya haki. Carolyn Davidson alilipwa dola 35, na kampuni ikamzawadia hisa mwaka 1983, lakini hakuna mbunifu anayepaswa kutegemea bahati ya namna hiyo. Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na usajili wa kwanza hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina msajili wake, BPRA, na kilichosajiliwa Bara hakilindwi Visiwani, hivyo mwenye soko pande zote mbili aombe kote. Kenya husajili kupitia KIPI, taasisi yake ya mali za viwanda, kwa miaka 10. Maombi hupangwa kwa madaraja 45 ya bidhaa na huduma: asali iko daraja la 30, na mishumaa ya nta iko daraja la 4. Kama wafugaji wetu wa Sikonge walisema katika mazungumzo ya kwanza kwamba siku moja watauza mishumaa, waombe madaraja yote mawili kwa pamoja.