Kabla hujaenda Oaxaca, Meksiko: mambo ya kupanga ukiwa bado nyumbani

Viza kwanza. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au ukaazi wa kudumu wa nchi hizo, haombi viza ya Meksiko kwa matembezi. Huna hata moja? Anzia ubalozi wao ulioko Nairobi, na tiketi isikatwe kabla hujajibiwa.

Tarehe. Guelaguetza, tamasha la ngoma za jimbo zima, huangukia Jumatatu mbili za nusu ya pili ya Julai. Siku ya Wafu ni Novemba mosi na pili. Nyakati hizo vyumba vya katikati ya mji huisha mapema mno. Kama unachotaka ni majengo na si umati, nenda Februari. Mwezi Mei walimu wana desturi ya kugoma na kupiga kambi kwenye Zócalo, uwanja mkuu, na barabara zinaweza kufungwa. Mwenda kwa miguu kwa kawaida hupita, teksi haipiti. Siku ya kuruka, toka hotelini mapema.

Nguo na viatu. Mji uko kama mita 1,550 juu ya bahari: mchana jua linachoma, usiku unatafuta sweta. Njia ni za mawe. Viatu vya kisigino viache.

Sasa pasipoti, na hapa nisikilize vizuri. Kila mtu atakushauri uifungie kwenye sefu ya hotelini, utembee na picha yake kwenye simu. Shemeji yangu, Mkenya mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, alifanya hivyo hivyo. Alishuka mji wa Tehuantepec kuona nguo za kudarizi za akina mama wa kule, akarudi Oaxaca kwa basi la usiku. Njiani basi likasimamishwa, maofisa wakapanda na tochi. Abiria wengine walimulikwa wakapitwa. Yeye akaambiwa shuka. Njia hiyo ndiyo wanayopita wahamiaji wanaoelekea kaskazini, wamo Waafrika wengi, kwa hiyo mweusi huulizwa kabla ya wote. Si mgeni peke yake: hata Wameksiko weusi wa pwani ya Costa Chica, watu wa nchi hiyo kwa karne kadhaa, wamewahi kushukiwa kuwa wageni kwao. Picha ya simu ilikataliwa. Basi likaondoka na begi lake. Tulimpelekea pasipoti na kadi ya ukaazi, akaachiwa Jumapili jioni, hajala wala hajalala.

Na hasara haikuishia hapo. Jumapili ile ndiyo aliyoitenga kwa jumba la makumbusho lililo ndani ya monasteri ya zamani ya Santo Domingo, penye dhahabu na vito vya Kaburi namba 7 la magofu ya kale ya mlimani ya Monte Albán, alivyofukua mwanaakiolojia Alfonso Caso mwaka 1932. Jumatatu makumbusho hufungwa. Jumanne alfajiri alikuwa uwanja wa ndege. Alichopata ni kanisa lenyewe tu, na dari yake yenye mti wa ukoo wa Mtakatifu Dominiko, matawi ya dhahabu na watu wamechomoza kama matunda. Ni dari ya kukuvunja shingo, lakini hakutoka Houston kwa ajili ya dari.

Kwa hiyo pasipoti, yenye muhuri wa kuingia na idadi ya siku ulizopewa, ikae mwilini kila unapotoka nje ya mji. Kadi ya ukaazi pia. Nakala ndiyo ibaki kwenye sefu. Na Jumatatu usiipangie makumbusho. Panda Monte Albán, au zunguka sokoni.

Kanisani Jumamosi kuna harusi, mara nyingi na matarumbeta na vikaragosi wakubwa barabarani. Raha kutazama, ila ndani huingii mpaka wamalize. Maelezo kwenye majumba mengi ni ya Kihispania, basi soma kidogo kabla. Maktaba ya sanaa aliyoianzisha mchoraji Francisco Toledo, IAGO, usiiache. Ua wake peke yake unatosha kukupumzisha.

Usiyekula nguruwe, tlayuda, chapati kubwa ya mahindi, hupakwa asiento, nayo ni mafuta ya nguruwe. Sema mapema: “sin asiento”. Mole, mchuzi mzito wa viungo, nayo ulizia imepikwa kwa mafuta gani. Maji ya bomba usinywe.

Mwisho, ardhi ya Oaxaca hutetemeka. Ndiyo sababu kuta zile ni nene na majengo ni mafupi. King'ora kikilia, toka wanakotokea wenyeji na usisimame chini ya upinde kupiga picha. Beba pesa taslimu kidogo kidogo, andika jina la hoteli kwenye karatasi, chaji simu, mwambie mtu unakokwenda, na usiku ukikuta uchochoro hauna watu, rudi ulikotoka.