Jinsi ya kulifuata neno la Kiskoti hadi lilikotoka

Anayeanza kazi hii huwa nampa neno moja: glamour. Leo watu wakilisikia huona nywele, vito na zulia jekundu. Ukianzia hapo utapotea, kama nilivyopotea mimi. Nilipoona lile -our mwishoni niliapa kuwa ni Kifaransa, nikamaliza jioni tatu kwenye kamusi zisizohusika.

Kwanza shika lugha yenyewe. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza. Kigaeli cha Uskoti ni lugha nyingine kabisa, jamaa ya Kiayalandi. Halafu fungua kamusi mbili. Dictionary of the Older Scottish Tongue inaishia 1700, na Scottish National Dictionary inaendelea kuanzia hapo. Zote zinasomwa bure mtandaoni. Usitafute tahajia moja tu, maana kila mwandishi aliandika alivyosikia: jaribu pia glamer, glamor, glamourie.

Maana zilizotolewa zipitie haraka. Mifano ndiyo uisome polepole, huku ukiinakili kwenye kadi kwa mpangilio wa miaka. Utamu uko humo. Mwaka 1721 Allan Ramsay, mshairi wa Edinburgh, alieleza kwamba mashetani, wachawi na wafanya mazingaombwe wakiyadanganya macho ya watu, husemwa wamewatupia glamour. Kiinimacho hicho! Urembo haumo hata kidogo.

Mwaka 1789 Robert Burns, mshairi mwingine wa Uskoti, akaandika mistari miwili inayofuatana kuhusu watu wa uchawi, mmoja ukiishia na glamor, wa pili na grammar, yaani sarufi. Vina tu? Hapana. Ni neno lilelile: r imegeuka l. Katika Zama za Kati, elimu ilikuwa sarufi ya Kilatini, na asiyejua kusoma alimshuku anayejua kwamba hakuishia kwenye nomino na vitenzi. Ufaransa nako neno hilohilo lilizaa grimoire, kitabu cha uganga wa giza. (Kwa hiyo Kifaransa kilikuwamo, ila mlango mwingine kabisa na ule niliokuwa nabisha.)

Mzizi ukishaupata, rudi mbele. Walter Scott, mwandishi wa Uskoti, alilitumia neno hili mwaka 1805 katika shairi lake The Lay of the Last Minstrel, likavuka mpaka na kuzoeleka katika Kiingereza. Huko likalainika: uchawi ukawa mvuto usioelezeka, na karne ya 20 Hollywood ikaupaka poda. Angalia pia kinachogoma kubadilika: Wamarekani walioifyeka u kwenye colour na honour, ya glamour mara nyingi wameibakiza.

Kadi yako ikijaa, chukua dreich. Leo ni hali ya hewa ya mawingu na manyunyu. Tafuta mifano ya zamani, enzi lilipotaja kitu kirefu cha kuchosha, kama mahubiri yasiyoisha, kisha utafute mahali mvua ilipoingilia.