Nani Anakumbuka, na Lini? Mwongozo wa Kuchagua Maneno ya Kiingereza ya Fikra na Kumbukumbu

Kazi yangu hapa Mwanza ni kufasiri nyaraka za watu wa kawaida: barua za maombi, maelezo ya mashahidi, madai ya fidia ya wenye mitumbwi. Makosa mengi ninayoyasahihisha katika rasimu za wanaojifunza kazi hii hayatokani na upungufu wa msamiati, bali yanatokana na kulichukua neno la kwanza linalotolewa na kamusi. Kiswahili hutofautisha maana kwa mnyambuliko, yaani kubadilisha mwisho wa kitenzi, na kwa njeo, yaani wakati wa tendo, ilhali Kiingereza mara nyingi hubadilisha neno lenyewe au umbo la kitenzi kinachofuata. Fuata hatua hizi ukiwa na sentensi ya Kiswahili mbele yako.

Hatua ya kwanza: tambua mwenye kukumbuka.

Katika "kumbuka" mtu analeta jambo akilini mwake mwenyewe, na katika "kumbusha" anaambiwa na mwingine. Kwetu tofauti hiyo imo katika silabi moja, lakini Kiingereza kina vitenzi viwili, "remember" na "remind". Kwa hiyo "nikumbushe kununua dagaa" ni "remind me to buy dagaa". Ukiandika "remember me" hapo, Mwingereza atasita, kwa sababu "remember me to your mother" kwake ni salamu, yaani "nisalimie mama". Itakusaidia kujua kwamba "mind" katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kumbukumbu, na hivyo "remind" ni kulirudisha jambo mahali lilipokuwa.

Hatua ya pili: uliza kama kukumbuka kulitangulia tendo au kulilifuata.

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa kuwa niliwahi kuikosea. Mvuvi mmoja wa mwaloni wa Kirumba, mahali mitumbwi inapotia nanga hapa Mwanza, alipotelewa na mtumbwi usiku wa upepo, akaeleza kwa uaminifu: "Sikukumbuka kufunga kamba ya pili." Mimi niliandika "I did not remember tying the second rope." Sentensi hiyo ni Kiingereza safi, lakini inasema jambo jingine kabisa: kwamba huenda kamba aliifunga, ila baadaye tendo hilo halikumjia akilini. Alichosema yeye ni kwamba kamba haikufungwa, na sentensi sahihi ilikuwa "I did not remember to tie the second rope." Aliyepokea madai hayo aliuliza, kwa haki kabisa, kama kamba ilifungwa au haikufungwa, na mvuvi akaonekana mtu wa kubadilisha maneno kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Tazama jinsi Kiswahili kinavyokuonya mapema kwa njeo. "Sikukumbuka kufunga" inazungumzia wakati ule wa tendo, na "sikumbuki kufunga" inazungumzia sasa, mtu anapoutafuta usiku ule akilini bila kuuona. Ya kwanza hudai "to" na kitenzi, na ya pili hudai kitenzi chenye "-ing". "Forget" hufuata utaratibu huohuo. Ukiwa na shaka, mpigie simu mwenye maelezo umuulize; dakika mbili za simu ni nafuu kuliko wiki tatu za barua.

Hatua ya tatu: chunguza kama kuna hamu ndani ya neno.

Mtoto aliyeko Dar es Salaam anapomwandikia mama yake aliyeko Sengerema "nimekukumbuka", anasema kwamba ana hamu ya kumwona. Hapo neno ni "I miss you", wala si "I have remembered you", ambayo humfanya msomaji adhani kwamba alikuwa amemsahau.

Hatua ya nne: pima juhudi.

"Remember" yaweza kuwa hali tu, jambo likiwa limetulia akilini. "Recall" ni tendo la kuliita jambo lirudi, nalo hupendeza katika maelezo rasmi ya shahidi. Kukariri ni "memorise". Jina likikutoka kwa muda, sema "it has slipped my mind".

Hatua ya tano: tenganisha vitenzi vya kufikiri.

"Think" hubeba mzigo mkubwa mno. "Nafikiri atakuja" ni maoni, hivyo ni "I think". "Bado nafikiri" ni tendo linaloendelea, hivyo ni "I am still thinking". "Fikiria" tayari ina "kuhusu" ndani yake, na ndiyo maana wengi huandika "think the matter" wakaiacha "about". Kutafakari ni "reflect on", na kujiuliza ni "wonder". "Nilidhani" mara nyingi hudokeza kwamba dhana ilikuwa na kosa. "I thought" huweza kuubeba udokezi huo, lakini mtu akiwa alilichukulia jambo kuwa kweli bila kuhakiki, "I assumed" ni sahihi zaidi.

Hatua ya sita: usiiamini nomino "kumbukumbu" mpaka uone ilipokaa.

Juu ya barua ya ofisi, "Kumb. Na." ni "Ref. No.", na kutunza kumbukumbu ni "keep records". Chukua mfano ambao kila mtu wa jiji hili anaufahamu, ajali ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Walichobaki nacho walionusurika ni "memories". Nyaraka zilizohifadhiwa ni "records". Siku yenyewe inaporudi kila mwaka ni "anniversary". Na kilichojengwa Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu, ni "memorial". Mteja akiniletea karatasi yenye kichwa "Kumbukumbu za MV Bukoba" bila maelezo mengine, siandiki neno lolote kabla hajaniambia ni ipi kati ya hizo nne anayoikusudia.