Kuhamisha negativu za mzee wa reli kwenye kompyuta

Juzi nimemsaidia dereva mstaafu wa treni aliyetembea na kamera kwenye mkoba wa chakula miaka yote ya kazi. Vingi katika vichwa vya treni alivyovipiga picha vimeshauzwa chuma chakavu, kwa hiyo negativu (filamu zenye picha kinyume, nyeupe ikiwa nyeusi) ndizo zilizobaki. Mimi ni fundi wa karakana na mpenda picha za treni, si mtu wa studio. Nafuata njia hii.

1. Msikilize kwanza. Keti naye, simu ikirekodi, mpitie bahasha moja moja. Usianze na "mwaka gani?" Wazee wa reli hukumbuka kwa cheo na zamu. Muulize: "Mzee, hapa ulikuwa bado fayamani au umeshakuwa dereva?" (Fayamani ni msaidizi wa dereva anayetunza moto wa kichwa.) Mwaka utajileta wenyewe.

2. Safisha. Pampu ya kupuliza na brashi laini, basi. Leso na mate, hapana. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza: itenge na nyingine, uipige picha kabla ya zote.

3. Piga. Skana bapa za ofisini sizitaki, ni polepole na filamu ndogo haziiwezi. Tumia kamera yenye lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) juu ya stendi, ikitazama chini. Chini yake weka tableti yenye skrini nyeupe, na uinue negativu sentimita chache ili vidoti vya skrini visionekane. Upande unaong'aa utazame kamera, la sivyo namba za kichwa zitasomeka kinyumenyume. Hifadhi faili la RAW, yaani lile ghafi ambalo kamera haijalibana.

4. Geuza iwe picha ya kawaida. Programu yoyote ya kuhariri inaweza. Kuitia rangi kwa akili bandia ni kuiharibu.

5. Tambua kichwa, mahali na mwaka. Hapa ndipo siku nzima huisha.

Anza na namba. Kuza picha utazame ubavuni mwa kichwa na kwenye bamba la mbele. Zile Garratt kubwa za klasi 59 (vichwa vya mvuke; klasi ni tarakimu mbili za kwanza za namba), zilizokuwa zikivuta kati ya Mombasa na Nairobi, zilikuwa 34, zimetengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima. Namba ikifichwa na mvuke, jina linatosha: Mount Gelai ni 5918, Mount Shengena ni 5930. Zote mbili ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nenda ukalinganishe kwa macho yako.

Lakini namba inakupa mwaka wa mapema kabisa tu. Kichwa cha 1955 kinaweza kuwa kwenye picha ya 1970. Tena namba zenyewe zilibadilishwa: dizeli za klasi 90 zilikuja kuitwa klasi 87 miaka ya 1970. Kwenye kasha la mzee kulikuwa na bahasha iliyoandikwa 1964, na ndani yake dizeli yenye namba inayoanza na 87. Haiwezekani. Tukapanga vipande vya filamu kwa kufuata namba zilizochapwa ukingoni mwa filamu, tukaona ni filamu mbili tofauti. Bahasha ilikuwa imetumika mara mbili. Tangu hapo maandishi ya bahasha nayachukua kama fununu, si ushahidi.

Mahali, tazama kibao cha stesheni. Stesheni nyingi za njia ya Mombasa na Nairobi ziliandikwa pia mwinuko kwa futi, kwa hiyo hata jina likizibwa na abiria, tarakimu zinakuambia uko wapi. Usitegemee kichwa kinatazama wapi ili kujua treni inapanda au inashuka: Garratt huenda mbele na nyuma vilevile.

Ukishindwa, mrudishie mzee picha ikiwa kubwa kwenye skrini. Wangu alimtambua gadi (msimamizi wa treni) kwa namna alivyoshika bendera, na kutoka hapo akaipata zamu.

6. Jina la faili. Mwaka, stesheni, kichwa, namba ya picha: 1966k-Voi-5918-07. Hiyo "k" ni kadirio. Iandike, asije mtu akanukuu mwaka wako kama msahafu.

7. Nakala. Moja kwenye flashi ya mzee, nyingine kwa jamaa anayeishi nyumba tofauti. Negativu zenyewe usitupe: bahasha za karatasi, kabati kavu, mbali na joto la mabati.