Namna ya kuchora ukoo wa macho yenu, pande zote mbili

Mjomba wangu wa Newala alianza kumtazama mtu kwa kugeuza kichwa, kama kuku anayelenga punje. Tulicheka. Muuza miwani mmoja mnadani akampa miwani ya kusomea, naye akaendelea kujigonga kwenye mwimo wa mlango, bega lile lile la kushoto. Alipokuja kupimwa sawasawa, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha na la kulia limebaki na tundu la katikati. Anaiona sindano mkononi mwangu, hamwoni mbuzi aliye pembeni yake. Ni presha ya macho, glakoma, na uoni ulioondoka nayo haurudi.

Pale kwa daktari aliuliza, "Na wapwa zangu je?" Daktari akamjibu, "Wapwa nao waje, mzee. Lakini wanao wa kuwazaa wako wapi?" Mjomba akanyamaza. Sisi Wamakonde ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo wanawe ni wa ukoo mwingine. Jeni, yaani chembe ya urithi inayobeba ugonjwa huu, halijui hilo. Nusu ya jeni za mtoto zimetoka kwa baba.

Basi nikaamua kuchora. Mimi ni fundi cherehani, nikatumia karatasi ya kukatia mitindo kwa sababu ni pana. Anza na wewe katikati. Mwanamume mchoree mraba, mwanamke duara. Juu weka wazazi na ndugu zao wote, juu yao mababu na mabibi, chini watoto. Aliyepofuka au anayetumia matone, jaza umbo lake rangi, andika na umri alioanza.

Hapa ndipo nilipoharibu karatasi mbili. Kwetu mama mdogo ni mama, na mwanawe namwita kaka. Kwenye karatasi hii andika tumbo lililomzaa mtu, na baba aliyemzaa. Wa baba mmoja mama mbalimbali wape mistari yao. Kama jambo la baba ni la siri, usilichokonoe mbele ya watu. Weka alama ya kuuliza uendelee.

Kuuliza nako kuna namna yake. Ukisema "Shikamoo bibi, kuna ugonjwa wa macho kwetu?" utajibiwa hakuna, au kwamba fulani alirogwa. Uliza: nani alianza kuongozwa kwa kushikwa mkono kabla hajawa mzee sana? Alikuwa akijigonga? Mboni yake ilikuwa nyeupe? Mboni nyeupe mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa kwa upasuaji. Kope zilizogeukia ndani zikikwaruza jicho mara nyingi ni trakoma, hiyo ni ya kuambukizwa. Jicho linaloonekana zima huku pembeni kunafifia, hilo lijazie rangi. Na presha ya macho si presha ya damu. Jirani yangu aliacha chumvi mwaka mzima akidhani anatibu macho.

Watu huniuliza kama haitoshi kupima damu kutafuta jeni la glakoma. Mwaka 1997 watafiti waligundua jeni liitwalo MYOC: likiwa na hitilafu, njia ya kutolea maji ya jicho huziba, na kila mtoto wa mwenye jeni hilo ana nusu kwa nusu ya kulirithi. Lakini wagonjwa wa aina hiyo ni wachache. Wengi wamebeba jeni nyingi ndogo ndogo, zaidi ya 100 zinajulikana, kila moja ikisukuma kidogo. Nyingi zilitafutwa kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo hesabu zake zinatupwaya sisi kama gauni lililokatwa kwa vipimo vya mwingine. Kwa familia ya kawaida, pima jicho lenyewe.

Na karatasi inasaidia kweli. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti walifuatilia ndugu wa damu wa wagonjwa: uwezekano wa kuipata glakoma maishani ulikuwa 22 kwa 100, kwa wasio na ndugu mgonjwa kama 2. Hapa kwetu, utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliotoka mwaka 2000, ulikuta kama watu 4 kwa kila 100 wenye miaka 40 na zaidi wanayo.

Kwa hiyo kila aliye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa umbo lenye rangi, mpeleke. Akifika 40 asingoje, na kama mgonjwa wenu alianza mapema, naye awahi. Mwambie daktari wazi kwamba kwenu ipo, ili achungulie mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, apime presha na upana wa kuona. Presha peke yake hudanganya. Wapo wenye presha ya kawaida na mshipa unaliwa. Beba chupa ya matone ya mgonjwa wenu aione, ila usiyaazime: timololi, mojawapo ya dawa hizo za matone, inaweza kumbana pumzi mwenye pumu.

Karatasi yangu sasa ina rangi sehemu tatu upande wa mama. Upande wa baba una alama za kuuliza nne. Shangazi mkubwa yuko Nachingwea, na hela za korosho zikitoka nakwenda na kilo mbili za sukari nikakae naye kutwa nzima.