Fuata kitu kinachofichwa

Ukisoma tamthilia ya zamani inayohusu udanganyifu katika ndoa, usikimbilie kumsaka mwongo. Shika penseli, fuata kitu kidogo kinachofichwa. Katika A Doll's House, tamthilia ya Mnorwei Henrik Ibsen ya mwaka 1879, mke aitwaye Nora anatia mfukoni vibiskuti vyake vya lozi, anafuta mdomo, ndipo anamwita mumewe. Hapo hatujasikia lolote kuhusu mkopo aliouchukua kwa siri wala saini ya baba yake aliyoighushi!

Kwenye Othello ya Shakespeare ni leso. Desdemona anabanwa na mumewe, Othello, kuhusu leso aliyompa, anajibu kwamba haijapotea. Nadhani ni woga tu, si hila. Emilia, mhudumu wake, aliyeiokota na kumpa mumewe Iago, mwenye njama, yupo palepale, kimya. Mimi huandika pembeni ya ukurasa: nani anajua, nani hajui.