Kupiga picha shakwe Sabaki: fuata maji, wachana na kufukuza ndege

Watu wengi wakija Malindi na kamera zao huenda kwenye mlango wa mto Sabaki saa tatu, jua lishakuwa kali, wanawafukuza shakwe mchangani huku na huku halafu wanarudi na picha za mikia. Hebu nikwambie mie ninavyofanya.

Kwanza angalia mwezi. Ukiandama au ukifika kumi na nne ni bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na ikifika saa nne asubuhi yashakupwa kabisa, sasa hapo ndege wametawanyika mbali kwenye tope na lenzi yako ya milimita 300 haifiki. Mie napenda maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, kama wiki moja baadaye, manake jua likichomoza maji ndio yanapanda polepole mpaka saa nne hivi, na hata kama hayapandi sana yanatosha kulila fungu la mchanga wanalokaa shakwe kidogo kidogo na shakwe wanasogea wenyewe ulipo. Ratiba ya maji iko kwenye simu siku hizi, ila mvuvi yeyote atakwambia bila kuangalia popote.

Mwezi mzuri ni Machi, kaskazi inaishia. Shakwe wakubwa waliotoka Siberia wanajiandaa kurudi, vichwa vishakuwa vyeupe pee. Ukingoja masika yashike, mto unashuka na tope jekundu na wengi wao washaenda zao.

Toka mjini saa kumi na moja, tuktuk au bodaboda njia ya Mambrui, ni kilomita chache tu. Tafuta kijana wa hapo kijijini akupeleke, umlipe vizuri, kwa sababu mtoni kuna viboko na mamba na viboko usiku hutoka kula majani, alfajiri ndio wanarudi majini, kwa hiyo usikate njia kwenye matete gizani eti unawahi jua. Sitanii.

Sasa jambo lenyewe. Bahari yetu iko mashariki, na jua linatokea huko kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Ukisimama upande wa nchi kavu ukatazama baharini, kila ndege atatoka mweusi kama mkaa, mie mwaka wangu wa kwanza nilirudi na picha mia na kitu za vivuli. Zunguka mapema, bado kiza, ukae upande wa ufukweni, bahari iwe mgongoni na uso uelekee bara. Kaa chini kabisa, hata ulale kifudifudi, kamera iwe usawa wa jicho la ndege, halafu tulia. Nusu saa ya kwanza utaona kama unapoteza wakati. Geuka nyuma mara moja moja uangalie maji yamefika wapi, usije ukabaki kisiwani.

Kamera: wakiruka, kasi ya shata iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi, fokasi iwe ile ya kumfuata ndege anavyosogea, na eksipoja, yaani kiasi cha mwanga, ishushe kidogo kwa sababu kifua cheupe kikiungua kwa mwanga kimeungua, hakirudi. Wakianza kunyoosha shingo wote pamoja ujue wanataka kuruka, kidole kiwe tayari.

Wengi utakaowaona ni shakwe ambao kitaalamu huitwa Ichthyaetus hemprichii (zamani Larus hemprichii), wazaliwa wa Bahari ya Shamu na pwani za Arabuni: kichwa rangi ya masizi, kola nyeupe shingoni, mdomo wa kijani-njano wenye ncha nyekundu. Yule mkubwa mwenye kichwa cheupe, mgongo wa kijivu kizito na miguu ya njano ndiye wa Siberia. Wale wa madoa ya kahawia ni vijana wao, na hao hata wajuzi hubishana, usijiumize kichwa.

Ukirudi, kabla hata ya mahamri na mbaazi, futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu kikakamuliwa sana, kisha kikavu. Lenzi yangu ya kwanza niliiacha na chumvi siku mbili tu, na mpaka leo ukizungusha zuumu inalia kama jiwe la kusagia.